Uvimbe wa paja umetolewa, majibu ya kinyama yamesema sakoma: je, utarudi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Makorora, Tanga. Nimelifupisha:

"Shikamoo Daktari. Kaka yangu ana miaka 48, ni fundi seremala. Alikuwa na uvimbe paja la kushoto kwa mbele karibu mwaka mzima, hauumi. Akaambiwa ni mafuta tu, ukatolewa. Kovu limekaa kwa upana wa paja, na pembeni kuna kitundu ulipopita mrija wa kutoa maji. Wiki ya tano majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, yakaja: sakoma pleomofiki, sm 9 kwa 7 kwa 6, ndani ya msuli, gredi 3 na kwenye mabano 3+3+1, mitosisi 22, tishu iliyokufa asilimia 20, kingo R1. CT ya kifua ni safi, kidonda kimefunga. Wajomba wanataka mguu ukatwe mapema. Shangazi anasema kisu ndicho kilichouchokoza. Je, itarudi? Na ataishi muda gani?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni nyumbani.

Niseme la haraka kwanza. Upasuaji aliofanyiwa kaka yako ulikuwa wa kutoa mafuta, na kilichotoka si mafuta, ni sakoma, yaani saratani inayoota kwenye nyama za mwili kama misuli. Kwa hiyo haujawa tiba ya saratani. Ukiniuliza kama itarudi, jibu la leo ni kwamba huenda haijaondoka yote, na hilo linarekebishika. Kifua safi ni habari kubwa kuliko inavyosikika. Sasa ipo nafasi ya kumaliza kazi ya mguu ikiwa bado ni ya mguu peke yake, na wiki hizi chache zina thamani.

Watu wakisema saratani imerudi huwa wanasema mambo mawili kwa neno moja. Kuna kurudi palepale, pajani, kwenye kovu au karibu yake. Na kuna kutokea kwingine, ambako kwa sakoma za mikono na miguu karibu kila mara ni mapafuni. Uvimbe ulioko pajani unasumbua, unaweza kuharibu mguu, lakini wenyewe hauui. Kinachoua ni mbegu zilizopita kwenye damu zikaota kwenye mapafu. Kisu na mionzi vinashughulika na jambo la kwanza. La pili linaamuliwa zaidi na tabia ya uvimbe wenyewe, na sehemu kubwa iliamuliwa kabla hajapanda kitanda cha upasuaji. Shika tofauti hiyo, maana ushauri wote wa nyumbani utaupima kwa hiyo.

Sasa karatasi yake. Majibu ya aina hii huandikwa Kiingereza cha wenyewe kwa wenyewe, lakini namba ulizonakili zinatosha.

Gredi 3 ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mfumo unaotumika ni wa Wafaransa, na ile 3+3+1 ni maksi tatu zilizojumlishwa. Tatu ya kwanza ni namna seli zilivyoachana na asili yake: kwa aina hii hazifanani tena na msuli wala mafuta wala chochote, ndiyo maana zimepewa alama ya juu. Tatu ya pili ni kasi ya kuzaana. Mtaalamu amehesabu seli zinazogawanyika kwenye nyanja kumi za hadubini akapata 22, na kuanzia 20 ni maksi tatu. Moja ya mwisho ni tishu iliyokufa, chini ya nusu ya uvimbe. Jumla 7. Jumla ya 2 au 3 ingekuwa gredi 1, 4 au 5 gredi 2, kuanzia 6 ni gredi 3. Ukikuta karatasi imeandika "sakoma" bila gredi, rudisha, omba gredi. Bila hiyo hakuna daktari anayeweza kukujibu swali lako kwa ukweli.

Ukubwa unafuata. Mstari unaotumika sana ni sm 5, na uvimbe wa sm 9 umeuvuka mbali. Halafu kina: paja lina utando mgumu mweupe unaofunika misuli, ule ule unaouona mchinjaji akiuchuna juu ya nyama ya paja la mbuzi. Uvimbe ulioko juu ya utando huo, kwenye mafuta ya chini ya ngozi, una tabia nafuu. Wa kaka yako uko chini yake.

Na hapa niweke jambo ambalo lingeokoa wengi: uvimbe unaozidi sm 5, au ulioko ndani ya msuli, au unaoendelea kukua, hautolewi kabla ya kupigwa picha na kuchukuliwa kinyama kwa sindano nene. Kutouma hakumaanishi usalama. Sakoma nyingi haziumi, na ndiyo sababu mtu anatembea nao mwaka mzima akiuita mafuta.

R1. Maana yake: kwa macho ya mpasuaji uvimbe wote umetoka, lakini chini ya hadubini seli za saratani zimefika kwenye ukingo wa nyama iliyotolewa. R0 ni ukingo safi. R2 ni pale mpasuaji mwenyewe anapojua ameacha kipande. Kwa uvimbe uliotolewa kwa dhana ya mafuta, R1 ni jambo la kutarajia. Lipoma, ndiyo uvimbe wa mafuta, huchomolewa kama kokwa ya embe bivu: unapasua, unaingiza kidole, inatoka na ganda lake. Sakoma nayo ina kitu kinachofanana na ganda, na hapo ndipo mtego ulipo. Lile ganda ni nyama ya jirani iliyobanwa na uvimbe, na ndani yake mna seli zake. Ukichomoa kwa kufuata ganda, umeacha seli pajani.

Wagonjwa wa namna hii wanaporudishwa kupasuliwa upya, kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu yao hukutwa na mabaki ya saratani pale pale, hata pale ambapo picha haikuonyesha kitu. Kwa hiyo ukiambiwa "tusubiri tuone kama itarudi", uliza wanasubiri nini.

Mambo mawili uliyoyataja kwa kupita yana uzito wake. Kovu kwa upana, na kitundu pembeni. Kwenye mkono au mguu mkato hupigwa kwa urefu, ili ukirudiwa uingie wote ndani ya kipande kinachoondolewa. Mkato wa upana unamlazimisha mpasuaji wa pili kuondoa ngozi pana zaidi, na pengine kuhitaji kuhamisha ngozi au msuli kufunika pengo. Mrija nao hupitisha damu ya jeraha, na damu hiyo imeogelea kwenye uvimbe. Njia yote ulipopita mrija inahesabiwa imechafuka. Upasuaji wa marudio unatakiwa uchukue kovu lote, kitundu na njia yake, na shimo la zamani bila kulifungua, vikiwa kipande kimoja, pamoja na nyama nzima ya kuzunguka ya kama sm 1 au zaidi, au tabaka zima la ule utando mgumu pale ambapo sm 1 haipatikani. Kabla ya hapo inatakiwa MRI ya paja yenye dawa ya mshipani. Wiki za mwanzo picha huonyesha damu na maji ya jeraha, na msomaji asiyezoea sakoma anaweza kuyaita uvimbe au kuukosa uvimbe ndani yake, kwa hiyo msomaji aambiwe tarehe ya upasuaji.

Kinachotolewa safari hii kifungwe nyuzi za alama kabla hakijatoka kwenye chumba cha upasuaji, kwa mfano uzi mfupi upande wa juu, mrefu upande wa nje, na iandikwe kwenye fomu. Kisipasuliwe katikati kwa udadisi wa kuona kilichomo. Kikishapasuliwa hovyo, kingo hazisomeki tena. Kiwekwe kwenye chombo chenye mdomo mpana na fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, ujazo wake kama mara kumi ya nyama yenyewe. Nalisisitiza kwa sababu huku mikoani sampuli husafiri, na mara nyingi ndugu ndiye anayeibeba. Kichupa kidogo ambamo nyama imeshindiliwa kama achari, fomalini imelowesha juu tu, kinafika maabara ya Dar katikati pameoza. Hapo hata vipimo vya kutofautisha aina moja ya sakoma na nyingine vinaharibika. Maji ya chumvi ya hospitali hayahifadhi nyama. Ukipewa kichupa ukaona nyama imejaa hadi kwenye kifuniko, omba kikubwa zaidi kabla hujaelekea stendi ya Kange.

Mionzi sasa. Kwa uvimbe wa gredi 3, mkubwa, wa ndani, mionzi si ya kujadili sana. Kinachojadiliwa ni itangulie au ifuate. Ikitangulia hutolewa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, halafu husubiriwa wiki nne hadi sita ndipo apasuliwe. Ikifuata upasuaji, dozi hupanda hadi grei 60 au 66, vipindi 30 hadi 33, na eneo huwa pana zaidi kwa sababu lazima lifuate kovu na njia ya mrija. Utafiti mkubwa wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha bei ya kila upande: waliotanguliza mionzi, 35 kati ya 100 walipata shida kubwa ya kidonda, dhidi ya 17 kati ya waliopigwa baadaye. Lakini waliopigwa baadaye ndio waliobaki na mguu mgumu, uliovimba na kukakamaa zaidi miaka iliyofuata. Kidonda kibaya hupona, mguu uliokakamaa haulegei. Kwa fundi anayechuchumaa na kupiga randa siku nzima, mimi ningeegemea mionzi kutangulia, maadamu yule wa upasuaji na yule wa mionzi wamekaa pamoja wakakubaliana kabla yeyote hajaanza. Mtu akipigwa mionzi bila mpasuaji wa marudio kujulikana, kalenda huvurugika na faida hupotea.

Kingo zikiwa safi na mionzi ikikamilika, kurudi pajani hushuka hadi karibu mtu 1 kati ya 10. Kingo zikibaki R1, hatari hiyo huwa kama mara mbili. Hayo ndiyo mnayoweza kuyabadilisha.

Sasa wajomba. Mwaka 1982 Wamarekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 43 wenye sakoma za gredi ya juu mikononi na miguuni. Kwa kura, 16 walikatwa kiungo na 27 walitolewa uvimbe kisha mionzi. Waliokatwa, hakuna hata mmoja aliyerudiwa palepale. Upande wa pili walirudiwa wanne. Lakini baada ya miaka mitano walio hai walikuwa 88 kwa 100 kati ya waliokatwa na 83 kwa 100 kati ya waliobaki na kiungo, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Utafiti ni mdogo, ila tangu hapo dunia nzima imeacha kukata kama tiba ya kwanza. Ndiyo ile tofauti niliyokwambia uishike: kukata mguu kunazuia kurudi mguuni, hakuzuii mapafu. Kukata kunabaki kuwa jibu la haki pale uvimbe umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva kuu ya mguu, au umerudi mara kadhaa na hakuna nyama ya kufunikia, au umepasuka unanuka na kuvuja damu. Wajomba hawana nia mbaya, wanataka jambo liishe. Waambie kwa utulivu kwamba mguu hauwezi kulipia mapafu.

Na shangazi naye hakukosea kabisa. Kisu hakiigeuzi lipoma kuwa saratani, wala kuchukua kinyama kwa sindano hakuifukuzi saratani iende mapafuni. Hata hivyo, kisu kilichoingia bila mpango kinaweza kutapanya seli ndani ya paja, ndiyo R1 yenyewe. Watu wanaona mgonjwa amepasuliwa, miezi sita baadaye hali mbaya, wanaunganisha. Aliyekuwa akisababisha alikuwa ndani tangu mwanzo. Hofu hii ndiyo inayowafanya wengine wakimbilie kuchanjwa chale juu ya uvimbe na kukandwa kwa maji moto, na hapo tunapokea uvimbe ulioingia usaha.

Kemo, yaani dawa za saratani za dripu, nitaisema kwa kifupi kwa sababu hata wataalamu hawajakubaliana. Ukikusanya tafiti zote za zamani, dawa za doksorubisini na ifosfamidi baada ya upasuaji zinapunguza kurudi kwa kiasi. Utafiti wa Ulaya wenye wagonjwa 351, uliochapishwa 2012, haukuona watu wakiishi zaidi. Kwa mtu wa miaka 48 mwenye moyo na figo nzima, gredi 3, sm 9, ni halali kuijadili na ni halali kuikataa. Akiikubali: moyo upimwe kwa ultrasaundi kwanza, na kadi yake iandikwe jumla ya doksorubisini aliyopewa, kwa sababu kwa maisha yake yote haitakiwi kupita kama miligramu 450 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mkojo mwekundu siku ya dripu ni rangi ya dawa. Mkojo wa damu siku zinazofuata ifosfamidi ni kibofu kinachubuka, arudi hospitali. Na homa ya 38 kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu isitibiwe kwa vidonge vya malaria nyumbani. Kinga iko chini kabisa siku hizo. Aende usiku huo huo, apimwe damu, aanzishiwe antibayotiki ya mshipani, malaria ipimwe hapo hapo.

Ataishi muda gani. Sitakupa tarehe. Kwa takwimu za Marekani, sakoma ikiwa haijatoka mahali pake karibu 80 kati ya wagonjwa 100 wako hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imevamia jirani au tezi ni kati ya 50 na 60. Ikiwa imefika mbali ni kama 15. Lakini kundi la kwanza limechanganya gredi zote, vidogo na vikubwa. Ukichuja wenye gredi 3, zaidi ya sm 5, ndani ya msuli, kifua safi, unabaki na kama nusu au zaidi kidogo ya nusu. Na karibu 4 hadi 5 kati ya 10 hutokewa na kitu mapafuni wakati fulani. Hesabu hizo zimetoka kwa watu waliopata upasuaji kamili na mionzi, kwa hiyo zitamhusu kaka yako akishamaliza tiba, si kabla.

Halafu namba hizi hazikai mahali pamoja. Wengi wa watakaorudiwa hurudiwa ndani ya miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo. Aliyevuka miaka miwili kifua kikiwa safi hayumo tena kwenye ile nusu kwa nusu, amesogea upande wa wengi wanaopona. Ukimsikia mtu anataja asilimia bila kuuliza amekwisha pita miaka mingapi, mwache aendelee na kahawa yake.

Kufuatilia, basi. Kwa gredi yake ni kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili hadi mitatu, kila miezi sita hadi wa tano, baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Kila safari apapaswe kovu na apigwe picha ya kifua. MRI ya kwanza ya kulinganishia ipigwe kama miezi mitatu baada ya tiba kwisha, CD itunzwe, si karatasi ya majibu peke yake. Safari kutoka Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, nauli na siku mbili za kazi, na ninajua ratiba ya namna hii ndiyo inayowashinda wengi. Basi ujue hili: hospitali ya saratani ya Mumbai, India, ilifuatilia wagonjwa 500 wa sakoma za viungo na kuchapisha mwaka 2014. Waliopigwa X-ray ya kawaida hawakuishi muda mfupi kuliko waliopigwa CT. Na uvimbe uliorudi palepale, mara nyingi sana mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeuona kwanza. X-ray inaona kitu kinapokaribia sm 1, CT inaona cha milimita chache. Lakini X-ray ya kila miezi mitatu iliyopigwa kweli, hapo hapo Tanga, ni bora kuliko CT ya Dar iliyoahirishwa mwaka.

Kujipapasa kufanyike tarehe moja ya kila mwezi. Alale chali mkekani, mguu umenyooka na kulegea. Apake mafuta kidogo vidoleni ili visikwame kwenye ngozi. Atumie vidole vitatu bapa, si ncha, apite kovu mwanzo hadi mwisho, kisha kiganja kizima kila upande, kisha mahali pa kile kitundu. Halafu akaze paja kama anayeinua kisigino, apite tena: kinachopotea msuli ukikazwa kiko ndani yake au chini yake, kinachobaki kiko juu. Kovu lililopigwa mionzi huwa gumu lote kama ngozi ya ngoma, na hilo halitishi. Kinachotafutwa ni kitu chenye mwanzo na mwisho, duara au mviringo, ambacho mwezi uliopita hakikuwapo. Uvimbe laini unaojaa wiki za mwanzo baada ya upasuaji kwa kawaida ni maji yaliyojikusanya. Ultrasaundi inaamua kwa dakika kumi. Asikubali kuchomwa sindano ya kunyonya hayo maji mara kwa mara na mtu asiyejua historia ya sakoma.

Mapafu yana mtego wake hapa kwetu. Kifua kikuu cha zamani huacha makovu na vidoa, na CT ikiona kidoa cha milimita 4 watu huanza kulia. Kidoa kidogo kuliko milimita 5 hakiitwi saratani wala hakiitwi salama. CT hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 12 kwa kulinganisha. Kovu halikui. Kidoa cha sakoma hukua, na mara nyingi huwa mviringo safi kama punje ya gololi, tena zaidi ya kimoja. Kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu, msomaji wa picha aambiwe.

Ikitokea imerudi pajani, kifua kipigwe picha kwanza, kinyama kichukuliwe tena, ndipo ipangwe kutolewa. Ikitokea mapafuni, usidhani mlango umefungwa. Vidoa vichache vinavyoweza kutolewa vyote, kwa mtu ambaye mguu wake ni safi, hutolewa kwa upasuaji wa kifua, na kati ya waliochaguliwa vizuri kama 30 hadi 40 kati ya 100 wako hai miaka mitano baadaye. Dalili njema ni kidoa kuchelewa, hasa kikitokea zaidi ya mwaka baada ya tiba ya kwanza. Vikiwa vingi visivyotolewa, kemo huvirudisha nyuma kwa muda, na nusu ya wagonjwa huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu au zaidi kidogo. Maumivu yakiwapo, morfini ya kunywa ni dawa kama dawa nyingine. Ikinywewa kama daktari alivyoandika, haimfanyi mtu teja wala haimuui.

Haya yote ni ya sakoma ya aina yake. Usiyabebeshe kila jina linaloishia na "sakoma". Sakoma ya Kaposi ina njia yake, mara nyingi huanza na dawa za kufubaza virusi. Ile ya kwenye ngozi inayofanana na kiloidi ngumu kifuani au begani hurudi palepale mara nyingi isipokatwa kwa upana wa sm 2 hadi 3, lakini ni nadra kuua. Na zilizoko nyuma ya tumbo, karibu na figo, hesabu zake ni tofauti kabisa: huko kurudi palepale ndiko kunakoua. Kurithi? Kwa wengi hapana. Kama kwenye ukoo kuna watoto au vijana kadhaa waliopata saratani, mtaje kwa daktari.

Kuhusu safari yenyewe. Mionzi ataipata Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kwa wiki tano au zaidi hawezi kuwa anakwenda na kurudi, kwa hiyo nyumba ya ndugu itafutwe kabla ya tarehe. Vipindi visirukwe, siku zilizorukwa hazifidiwi kwa kupigwa mbili siku moja bila mpango wa daktari. Wakati wa mionzi avae kikoi, suruali ya kubana itamchuna. Paja aoshe kwa maji na sabuni laini bila kusugua, asikandwe kwa maji moto, wala asipake kitu kabla ya kuingia mashineni. Goti alikunje na kulinyoosha kila siku tangu wiki ya kwanza, hata likiuma kidogo.

Abebe barua ya rufaa, majibu ya kinyama, maelezo ya upasuaji wa kwanza yaliyoandikwa na aliyempasua, CD ya CT, na muhimu kuliko vyote, vile vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta pamoja na vioo vyake, kutoka maabara iliyosoma. Maabara huvihifadhi na mgonjwa ana haki ya kuviomba visomwe upya, na kwa sakoma kusomwa upya na mtaalamu anayeziona kila wiki hubadilisha jina au gredi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama fedha ni tatizo, apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inayomwandikia rufaa kabla hajapanda basi, siyo baada ya kufika. Akifika, swali la kwanza kuwauliza ni hili: jopo la saratani linakaa siku gani, na faili lake litasomwa lini mbele ya mpasuaji na mtu wa mionzi kwa pamoja.